Uzi maalum: "Ain't No Sunshine" ya Bill Withers, wimbo wa dakika mbili ambao walioachwa hawajauchoka tangu 1971

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa zilipendwa za ng'ambo kuna watu wameuweka "Ain't No Sunshine" kwenye orodha ya nyimbo za kupigwa harusini. Sikutaka kuuvuruga uzi wa watu, ndiyo maana nimefungua huu. Katika R&B yote ya zamani hakuna wimbo ninaoupenda kuliko huu, na naona tunauchukulia juujuu mno.

Hoja yangu ni moja. Huu si wimbo wa mwanaume aliyemmisi mpenzi wake basi. Ni wimbo wa mwanaume anayejua fika kwamba mapenzi haya hayamfai, anajua anatakiwa aachane nayo, na hawezi. Nyimbo za kuachwa ziko maelfu. Nyingi zinasema "rudi", nyingine zinasema "nenda, nitapona". Huu hausemi lolote kati ya hayo mawili. Umesimama pale katikati, ambapo wengi wetu tumewahi kusimama, na naamini ndiyo sababu unapigwa mpaka leo, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Sikilizeni maneno yenyewe. Huyu mwanamke haondoki mara moja tu. Mwimbaji anasema kila akiondoka, anakaa huko muda mrefu mno. Halafu anajiuliza safari hii kaenda wapi, na je, safari hii kaenda moja kwa moja? Ukisema "safari hii" maana yake kuna safari nyingine nyuma yake. Kwa hiyo tunamkuta mtu ambaye ameshaachwa, akarudiwa, akaachwa tena, na nyumba yake kila mwenzake akitoka haikaliki. Hatuambiwi waligombania nini. Hakuna jina, hakuna mchepuko, hakuna barua iliyoachwa mezani. Tunachopewa ni giza na ubaridi ndani ya nyumba, basi.

Withers mwenyewe alieleza wazo lilikotoka. Alikuwa akitazama kwenye televisheni filamu ya 1962, Days of Wine and Roses, ambamo Jack Lemmon na Lee Remick wanaigiza mume na mke walevi. Mume ndiye anayemwingiza mkewe kwenye pombe. Baadaye mume anahangaika kuacha, mke anashindwa. Kilichomgusa Withers ni jinsi wale wawili walivyopokezana unyonge na nguvu: huyu akisimama, yule anaanguka. Akasema kuna wakati mtu hukumbuka vitu ambavyo wala havikuwa na heri kwake, akafananisha na mtu anayerudi kuongezewa sumu ya panya baada ya kumaliza sahani ya kwanza. Ukishajua hilo, huwezi tena kuusikia kama wimbo wa kubembeleza.

Na huyu hakuwa kijana mdogo aliyetungiwa nyimbo na kampuni. Bill Withers alizaliwa 1938 Slab Fork, kitongoji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akakulia Beckley jirani na hapo. Alifiwa na baba akiwa na miaka 13. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Akatumikia jeshi la majini la Marekani miaka 9, ndipo mwaka 1967 akahamia Los Angeles kutafuta njia ya muziki huku akifanya kazi kiwandani, Weber Aircraft ya Burbank, kwenye utengenezaji wa vyoo vya ndege za Boeing 747. Picha ya jalada la albamu yake ya kwanza, Just As I Am ya 1971, ilipigwa hapohapo kazini wakati wa mapumziko ya mchana, na alichoshika mkononi ni kiboksi chake cha chakula. Hakuwa na haraka ya kuacha kazi, kwa sababu hakuiamini biashara ya muziki. Mtu wa namna hiyo akisema "nyumba hii siyo nyumba tena", anajua nyumba ni kitu gani na inagharimu nini kuishika.

Clarence Avant, mwenye lebo ndogo ya Sussex, ndiye aliyemchukua, akamkabidhi kwa mtayarishaji Booker T. Jones. Booker T. akawaita wenzake wa bendi yao ya Memphis, Donald "Duck" Dunn kwenye besi na Al Jackson Jr. kwenye ngoma, na gitaa akapewa Stephen Stills. Albamu nzima ilirekodiwa kwa vikao vitatu, na kati ya cha pili na cha tatu ikapita miezi kadhaa kwa sababu hela ilikuwa imekata.

Sasa njooni kwenye lile neno ambalo kila mtu analiimba hata kama hajui Kiingereza: "I know, I know, I know..." Pale palitakiwa pawe na ubeti. Withers alikuwa hajauandika, akawa anajazia nafasi kwa kurudia neno hilohilo mpaka atakapopata maneno. Wanamuziki waliokuwepo studio wakamwambia aache vilevile. Yeye alikuwa mfanyakazi wa kiwandani kati ya watu wenye majina makubwa, akawasikiliza, akaacha. Mkihesabu ni mara 26.

Hapo ndipo ulipo moyo wa wimbo kwa maoni yangu. Kinachofuata mara tu baada ya "najua" zote hizo ni kwamba inampasa aachane na yule binti. Yaani anajua, anajua, anajua, mpaka pumzi inakaribia kumwishia, kisha mstari mmoja tu mbele yuko palepale gizani. Ubeti kamili ungetupa sababu, na sisi tungeanza kazi ya kuamua nani ana kosa. Kukosekana kwa ubeti huo kunamwachia kila msikilizaji ajaze yake. Wewe unajua unachokijua kuhusu mtu wako, mimi ninajua cha kwangu, na wote tunaimba neno lilelile.

Wimbo wenyewe ulitoka ukiwa upande wa pili wa sahani ya santuri; upande wa kwanza uliopewa matumaini ulikuwa "Harlem". Watangazaji wa redio ndio waliogeuza sahani. Ukapanda mpaka nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard, na 1972 ukapata Grammy ya wimbo bora wa R&B. Lebo ikampa zawadi ya kiti cha choo cha rangi ya dhahabu kuadhimisha kwamba maisha ya kiwandani yamekwisha.

Karibuni tuchangie. Anayeona mimi nimezidisha aseme na atoe sababu.

#2

Mkuu, umeshusha nondo, ila umekaa sana kwenye maneno. Mimi napiga gitaa, naomba niongezee upande wa muziki.

Kwanza wimbo hauna utangulizi. Nyimbo nyingi za wakati ule zinakupa vyombo kwanza ujiandae, halafu mwimbaji anaingia. Hapa sauti inaanza palepale, gitaa linamfuata. Umeingizwa ndani ya nyumba ya mtu kabla hujabisha hodi.

Pili, hauna kiitikio. Mstari wa jina la wimbo umo ndani ya beti zenyewe. Uko kwenye A minor (Am), ufunguo wenye sauti ya huzuni, na kila mwisho wa mstari gitaa linazunguka kodi (chords) za Em, G na kurudi Am. Hakuna mahali wimbo unatoka kwenda kwenye mwanga hata kidogo. Kuna nyimbo nyingi za huzuni ambazo zinakupa angalau mistari minne ya kupumua, ukitoka hapo ndipo urudishwe kwenye kilio. Huu hautoki. Kila ukitaka kutoka unarudishwa Am, sawasawa na huyo jamaa anavyorudi.

Tatu, sikilizeni kwenye zile "najua" vyombo vinavyonyamaza. Inabaki sauti na ngoma za Al Jackson. Al Jackson hakuwa mtu wa mbwembwe. Anashika mapigo tu na kumwacha mwenzake aseme. Mpiga ngoma mwingine angejaza pale, na pangeharibika. Halafu vayolini za Booker T. zinarudi na unahisi kifua kinabanwa upya.

Na yote hayo ndani ya dakika mbili na sekunde chache. Nawafundisha vijana wimbo huu wa kwanza kabisa kwenye gitaa kwa sababu kodi zake za gitaa ni chache, lakini kuupiga ukaeleweka ni kazi ya miaka.

#3

Naheshimu uchambuzi wenu, ila nadhani mnaupa wimbo sifa ambazo nyingine ni za soko. Wimbo umeishi kwa sababu umerudiwa sana. Michael Jackson aliurudia 1972. Freddie King naye akaupeleka kwenye blues mwaka huohuo. Filamu ya Notting Hill ya 1999 iliuweka pale Hugh Grant anapotembea sokoni Portobello na majira yote ya mwaka yanapita. Rapa DMX akautumia kwenye "No Sunshine" mwaka 2001. Kila kizazi kimeuziwa upya. Kama usingekuwa na bahati hiyo ungekuwa umelala kwenye makabati ya sahani pamoja na nyimbo nyingine nzuri za 1971 ambazo hatuzijui.

#4 – Mleta uzi

Mkuu #3, hoja yako ina uzito, na hiyo orodha ni sahihi. Lakini jiulize kwa nini wote hao wameukimbilia huu na si mwingine. Sahani ya kwanza ilikuwa na nyimbo mbili, na kampuni ilisukuma ule mwingine. Hakuna soko lililouchagua huu mwanzoni. Waliosikiliza ndio waliouchagua.

Asante kwa kumtaja Michael Jackson, kwa sababu toleo lake linanisaidia. Alikuwa na miaka 13 alipourekodi kwa ajili ya albamu ya Got to Be There, na Uingereza ulitolewa kama singo ukafika nafasi ya 8. Anauimba vizuri mno. Lakini sikiliza mwanzo: kabla ya kuimba wamemwekea maneno ya kuongea, anauliza kama umewahi kutaka kitu unachojua hutakiwi kuwa nacho, na kadiri unavyojua hutakiwi ndivyo unavyozidi kukitaka. Yaani watayarishaji waliuelewa wimbo uleule kama mimi ninavyouelewa, kwamba ni wimbo wa kujua na kushindwa. Ila waliona mtoto wa miaka 13 hawezi kulibeba hilo kwa sauti tupu, wakaona waeleze. Withers hakueleza. Alikuwa na zaidi ya miaka 30, na sauti yake ilitosha.

Notting Hill nayo imeutumia vizuri kuliko watu wanavyoipa sifa. Mwaka mzima unapita, mvua, theluji, jua, na yule jamaa bado anawaza mtu mmoja. Hasogei.

Na kama ni suala la kupita na wakati, mwaka 2024 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliuingiza kwenye hazina ya rekodi za sauti zinazohifadhiwa kwa taifa. Hilo halifanyiki kwa sababu ya filamu moja.

#5

Ndugu mleta uzi, naandika toka Bukavu. Nimeshangaa hakuna aliyesema kwamba Withers alifika kwetu.

Septemba 1974 alikuwa Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa njiani tayari, tamasha likaendelea. James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, na wa nyumbani Franco na Tabu Ley. Filamu ya Soul Power inaonyesha.

Watu wengi siku ile walipanda na bendi nzima, matarumbeta na wachezaji. Kwenye filamu hiyo Withers anaonekana amekaa kwenye kiti na gitaa lake, peke yake, anaimba "Hope She'll Be Happier". Ni wimbo wa kuachwa pia, kutoka albamu ileile ya 1971. Mwanaume anamtakia aliyemwacha kwamba huyo mpya amfurahishe kuliko yeye alivyoweza. Uwanja mzima na mtu mmoja na gitaa. Sisi tuliolelewa na rumba tunajua wimbo wa mapenzi ukimwaga maneno, ukaingia sebene, watu wakacheza machozi yao mpaka upande wa pili wa sahani. Yeye hakuwa na sebene, na watu walimsikiliza.

Kwangu mimi hizo nyimbo mbili ni za mtu yuleyule. Kwenye "Ain't No Sunshine" bado hajaweza kuachia. Kwenye ule wa Kinshasa ameachia, na anaumia kwa heshima.

#6

Naomba kueleweshwa wakuu. Kama alikuwa mkali hivi, kwa nini hatumsikii na nyimbo mpya baada ya miaka ya 80?

#7 – Mleta uzi

#5, nimeisoma mara mbili, asante sana. Hiyo ya kuachia na kutoachia sikuwahi kuiweka hivyo.

#6, kwa kifupi: Sussex ilianguka katikati ya miaka ya 70, akahamia lebo ya Columbia, na huko hakuelewana na watu wa ofisini waliotaka kumwambia aimbe nini. Albamu yake ya mwisho ni ya 1985. Baada ya hapo akaenda zake nyumbani, akalea watoto, hakurudi. Mwaka 2015 Stevie Wonder ndiye aliyemwingiza kwenye Rock and Roll Hall of Fame. Alifariki Los Angeles 30 Machi 2020 akiwa na miaka 81. Mtu aliyeweza kuondoka kwenye muziki namna ile alijua vizuri tofauti ya kuondoka na kushindwa kuondoka.

#8

Kaka mleta uzi, nimesoma kuanzia juu mpaka hapa nikisubiri mtu aulize, sijaona. Naomba niulize mimi kama mwanamke.

Huyo dada yuko wapi? Kwenye wimbo wote hatumsikii. Tunaambiwa akiondoka nyumba inakuwa giza, tunaambiwa anaitwa "kitu kichanga", tunaambiwa anakaa huko muda mrefu. Lakini mtu haondoki nyumbani kwake mara kwa mara bila sababu. Nyie wote mmekubali kwamba yeye ndiye sumu. Na kama sumu ni huyo anayeimba? Umesema mwenyewe kwenye ile filamu mume ndiye aliyemfundisha mkewe kunywa.

Nawapa mfano wa wimbo unaonitosha zaidi: "Neither One of Us" ya Gladys Knight & the Pips, iliyotungwa na Jim Weatherly, ikafika nafasi ya 2 kwenye chati mwaka 1973. Pale wapo wawili. Wote wanajua yamekwisha, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuaga. Kujua kupo, kushindwa kupo, lakini mwenzake hajafutwa. Naona ni wimbo mkubwa kuliko huu, na una "najua" yake pia, ila imegawanywa kwa haki.

#9 – Mleta uzi

Dada yangu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu, na sitaki kuijibu haraka haraka.

"Neither One of Us" nakubaliana nawe, ni kazi kubwa. Gladys anaimba kama mtu mzima anayeongea na mtu mzima mwenzake. Ila sioni kama ukimya wa yule dada kwenye wimbo wa Withers ni wa bahati mbaya. Mtu aliye kwenye hali ile hamwoni mwenzake. Anaona giza lake na baridi lake. Ukimsikiliza rafiki yako aliyeachwa leo, atakueleza saa nzima habari zake mwenyewe, na jina la aliyeondoka utalisikia mara mbili. Wimbo unatuonyesha ubinafsi wa maumivu ulivyo, hauusifii.

Kuhusu nani sumu, Withers hakusema mwanamke ndiye sumu. Alisema vitu visivyokuwa na heri. Uhusiano wenyewe unaweza kuwa ndio huo, wote wawili wakiwa wanakunywa.

Na kuna kitu watu wanaousikia wimbo huu peke yake hawakijui. Albamu ya Just As I Am ina nyimbo 12, huu ni wa pili, na wa mwisho kabisa unaitwa "Better Off Dead". Humo anaimba mlevi ambaye mkewe ameondoka na watoto kwa sababu ya pombe yake. Hapo hakuna kufichwa: ameondokewa kwa haki, na anajua. Anaona familia yake itakuwa salama asipokuwepo. Albamu inafungwa na mlio wa bunduki.

Kwa hiyo swali lako la "kwa nini ameondoka" Withers mwenyewe aliliuliza, kwenye sahani ileile, na akalijibu kwa upande wa yule aliyeondoka.

#10

Sikuujua huo wa mwisho. Nimetoka kuusikiliza sasa hivi, na nikarudi moja kwa moja kwenye "Ain't No Sunshine". Zile "najua" 26 sizisikii tena kama za mtu aliyeonewa. Anayetaka kuchangia baada yangu naomba asikilize kwa mpangilio huo, wa mwisho kwanza, halafu aje aniambie kama bado ataupeleka harusini.